Kumbukumbu, hifadhi na ramu: lugha ya kuongeza kumbukumbu katika kompyuta ya zamani

Neno kumbukumbu limebebeshwa mizigo mingi. Mtu huwa na kumbukumbu za utotoni. Katibu huandika kumbukumbu za kikao. Mji hujenga mnara wa kumbukumbu. Barua ya serikali hubeba kumbukumbu namba kwenye pembe ya juu. Kompyuta ilipoingia ofisini na shuleni, neno hilohilo likapewa kazi nyingine: kutaja mahali ambapo mashine huweka data inayoishughulikia kwa wakati huo. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayowagharimu watu fedha, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku kumbukumbu hutumiwa pia kwa diski, kwa kadi ya simu, na hata kwa diski mweko inayoning'inia kwenye funguo.

Ichukuliwe mfano wa shule yenye kompyuta za mezani ishirini zilizotengenezwa kati ya mwaka 2007 na 2010. Mashine zinachelewa kuwa tayari, kivinjari kikifunguliwa kurasa tatu kinaganda, na mwalimu wa somo la kompyuta anaiandikia bodi: "Kumbukumbu ya kompyuta zetu ni ndogo, tunaomba iongezwe." Mzabuni akiisoma sentensi hiyo anaweza kuleta diski kubwa, akawa ametimiza alichoandikiwa, na mashine zikabaki na uzito uleule. Anaweza pia kuleta ramu, lakini ya kizazi kisichoingia katika mashine hizo. Kwa vyovyote fedha imekwenda, na bidhaa ambayo pakiti yake imekwisha kufunguliwa ni vigumu kurudishwa dukani. Mwalimu hakukosea sarufi. Alichokosa ni istilahi, na mfasiri wa mwongozo wa kompyuta hukosa hichohicho anapotumia neno moja kwa vitu viwili katika ukurasa mmoja.

Katika maandishi ya kiufundi, basi, ni vyema kumbukumbu ibakizwe kwa maana moja tu: eneo la kazi la muda, ambalo yaliyomo hufutika umeme ukikatika. Mahali pa kudumu, yaani diski kuu, diski mweko na kadi, paitwe hifadhi. Kitenzi chake tayari kimezoeleka: mtumiaji huhifadhi faili, wala hasemi kwamba ameikumbusha kompyuta. Tofauti ya vitu hivi viwili ni ile ya meza na rafu katika chumba cha fundi cherehani. Mwenye rafu pana za vitambaa lakini meza ya upana wa kiganja atashona polepole, na kumwongezea rafu hakumsaidii. Kazi iliyo mezani ndiyo inayopotea umeme wa mtaa unapokatika kabla haijahifadhiwa.

Ramu ni matamshi ya kifupisho RAM kama yanavyosikika katika karakana za mafundi. Ni neno zuri la kazi, kwa kuwa halina maana nyingine ya kompyuta inayoweza kulichanganya na diski. Mwandishi anayehofia utata hana sababu ya kulionea haya. Anaweza kuandika "kumbukumbu (RAM)" mara ya kwanza, kisha akaendelea na kumbukumbu peke yake.

Kuhusu ngeli, kumbukumbu katika matumizi ya sasa iko katika ngeli ya i-/zi-: kumbukumbu hii imeharibika, kumbukumbu hizi zimeharibika. Msomaji wa Biblia atakumbuka jina la kitabu cha tano, Kumbukumbu la Torati, ambalo limeshika upatanisho wa li-. Hilo ni jina lililoganda na halifai kuwa kielelezo cha sentensi mpya. Tatizo zito zaidi liko katika wingi. "Kumbukumbu mbili" haieleweki: ni mashine mbili, aina mbili, au vipande viwili vilivyochomekwa sambamba? Kinachonunuliwa dukani ni kipande, na kipande huhesabika bila shida: vipande viwili vya kumbukumbu, kila kimoja gigabaiti 2. Kiswahili hutanguliza kipimo kabla ya idadi, kama katika kilo mbili na shilingi mia, kwa hiyo GB 2 ni mwandiko unaofuata lugha, ilhali 2 GB ni mazoea ya lebo za kiwandani. Katika matini inayosomwa kwa sauti darasani, ule wa kwanza hauhitaji kugeuzwa.

Neno moja zaidi lapaswa kuondolewa njiani. Katika maduka na ofisi nyingi za Afrika Mashariki, CPU ni jina la kasha zima linalokaa chini ya meza: "Leta CPU, acha skrini." Katika mwongozo wa mtengenezaji, CPU ni kichakataji, kichipu kimoja kilichofunikwa na feni ndani ya kasha hilo. Mwongozo ukisema kwamba CPU isiguswe, nao msomaji ameelewa kuwa kasha lisiguswe, kazi imekwama kabla ya kuanza. Kasha la mashine ni jina linalotosha kwa lile la kwanza. Kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta au tarakilishi, neno linalosikika zaidi katika shule za Kenya, ni suala la mahali na la wasomaji. Halimpotezei mtu fedha.

Kizazi, pengo na volti

Vipande vya kumbukumbu vya kompyuta za mezani hupangwa kwa vizazi, na kizazi ni neno bora hapa kuliko toleo. Toleo jipya la programu kwa kawaida huwekwa juu ya lile la zamani, lakini kizazi hakirudi kuchukua nafasi ya kizazi kingine. Kiwango cha DDR kilitangazwa mwaka 2000, DDR2 mwaka 2003 na DDR3 mwaka 2007. Kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kimoja haiwezi kutumia kingine katika tundu hilohilo. Umeme wenyewe ni tofauti: DDR huendeshwa kwa volti 2.5, DDR2 kwa 1.8, DDR3 kwa 1.5, na DDR4 iliyofuata kwa 1.2.

Jicho likitegemea urefu litadanganyika. DDR2 na DDR3 za kompyuta za mezani zina urefu mmoja na miguso 240 kila moja kwenye ukingo wake wa rangi ya dhahabu; DDR ya awali ilikuwa na miguso 184, na DDR4 ina 288. Kinachozitenganisha DDR2 na DDR3 ni pengo, ule mkato mmoja uliochongwa kwenye ukingo wa miguso, ambao katika kila kizazi umewekwa mahali pake ili ulingane na kizuizi kilicho ndani ya tundu. Mafundi wengine huuita mwanya. Pengo ni neno lenye picha iliyo wazi zaidi, kwa kuwa Mswahili hulijua kutoka kinywani mwa mtoto aliyeng'oka jino. Mwongozo unaotafsiriwa na useme: "Linganisha pengo la kipande na kizuizi cha tundu." Msomaji aliyeelewa sentensi hiyo hatalazimisha. Vidole viwili vya gumba vikibonyeza miisho ya kipande kwa nguvu ya kawaida hutosha. Kipande kinachokataa nguvu hiyo ama kimegeuzwa nyuma mbele ama si cha mashine hiyo.

Lebo haitafsiriwi. Maandishi kama PC2-6400 au PC3-10600 hunakiliwa herufi kwa herufi, kwa sababu ndiyo atakayoyatafuta mnunuzi dukani. Lakini yanaelezeka. Tarakimu ya kwanza inataja kizazi, na namba inayofuata ni kasi ya juu kabisa kwa megabaiti kila sekunde: DDR2 inayofanya mihamisho milioni 800 kwa sekunde, kila mmoja ukibeba baiti 8, hufikisha 6400. Kipande cha kasi ndogo kikiwekwa pamoja na cha kasi kubwa, vyote huenda kwa mwendo wa yule mzito. Hilo halina madhara, ila aliyelipia kasi hataipata.

Kuna mtego ambao lebo huuonyesha kwa anayejua kuisoma. Vipande vilivyotolewa katika seva zilizostaafu huuzwa kwa bei ya chini, vina miguso 240 ileile na pengo lilelile, na huingia bila ubishi. Vingi vyao, hata hivyo, vina chipu ya ziada inayopokea amri kwa niaba ya nyingine zote, na ubao mama wa kompyuta ya kawaida ya mezani haujui kuzungumza nayo. Mashine haitawaka ipasavyo hata kipande kikiwa kizima kama siku kilipotoka kiwandani. Herufi R baada ya namba ya kasi, kama katika PC2-5300R, ni onyo. Vipande vifupi vya kompyuta mpakato havina hatari hiyo: havifikii hata miisho ya tundu.

Biti si baiti

Baiti ina biti nane. Wanafunzi huikariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani, kisha huisahau mahali pekee inapowahusu. Kwa kifupi, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti, na mfasiri anayezibadilisha amebadilisha kiasi mara nane.

Ubao wenye seti ya chipu ya Intel inayoitwa G41, uliotumiwa katika kompyuta nyingi za bei nafuu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, ni mfano mzuri. Unakubali hadi gigabaiti 8 za kumbukumbu, za DDR2 au DDR3 kutegemea mtengenezaji wa ubao. Mnunuzi huona idadi hiyo, hununua vipande viwili vya DDR3 vya GB 4, huchomeka, na mashine hubaki kimya au huonyesha nusu. Kisa ni kwamba seti hiyo ya chipu inafahamu chipu za kumbukumbu zisizozidi gigabiti 2 kila moja. Kipande cha GB 4 ni sawa na gigabiti 32. Chipu za gigabiti 2 zinazohitajika kukifikisha hapo ni 16, nane kila upande. Vipande vya miaka ya baadaye hufikia ukubwa uleule kwa chipu nane tu za gigabiti 4, na ubao huo wa zamani hauwezi kuzihesabu. Mfasiri aliyeandika "chipu za gigabaiti 2" amempa msomaji sharti lisilokuwapo duniani. Aliyeandika gigabiti amempa njia ya kuchagua kwa macho: ahesabu chipu kabla ya kulipa.

Mpaka mwingine hutokana na anwani. Mfumo endeshi wa biti 32 hutaja kila baiti kwa namba yenye tarakimu 32 za jozi, na namba hizo zikiisha zimefika 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4. Sehemu ya anwani hizo hutengwa kwa ajili ya kadi ya picha na vifaa vingine, ndiyo maana matoleo ya kawaida ya Windows ya biti 32 huonyesha kiasi cha kati ya GB 3 na 3.5 hata vipande vya GB 4 vikiwa vizima. Kubadili mfumo kuwa wa biti 64 huondoa mpaka huo ikiwa kichakataji na ubao vinaruhusu. Ubao wenye seti ya chipu ya Intel 945G hauruhusu. Wenyewe umefungwa kwenye anwani za biti 32, na kuuwekea mfumo wa biti 64 hakuleti hata megabaiti moja ya ziada. Windows 7 Starter nayo, toleo lililofungwa katika mashine ndogo za bei nafuu, hutumia GB 2 tu kwa amri ya mwuzaji wake.

Kwa hiyo ombi la mwalimu lingeweza kuandikwa hivi: "Tunaomba vipande 20 vya kumbukumbu (RAM) ya kompyuta za mezani, kizazi cha DDR3, volti 1.5, kila kimoja GB 4 na chenye chipu 16, kisicho cha seva, kwa ajili ya ubao wenye seti ya chipu G41. Kipande kimoja kijaribiwe katika mashine ya shule kabla ya vingine kununuliwa." Ni sentensi mbili ndefu zisizo na mapambo. Sehemu inayookoa fedha nyingi kuliko zote ni ile ya mwisho.

Chomeka, chomoa na kabla

Kiswahili kina jozi za vitenzi ambazo kimoja hutenda na kingine hutendua: funika na funua, anika na anua, ziba na zibua. Chomeka na chomoa ni jozi ya namna hiyo, na kwa mwongozo wa kompyuta ni hazina, kwani msomaji akijua kitendo kimoja amejua na cha kuurudisha nyuma. Weka na toa ni vitenzi legelege kwa kazi hii. Kuweka kipande juu ya tundu si kukichomeka, na mashine nyingi zinazosemwa zimekataa kumbukumbu mpya zina kipande kilichowekwa tu: upande mmoja umezama, mwingine umebaki juu kwa unene wa ukucha. Kipande kilichochomekwa hutambulika kwa vibanio vya pembeni, ambavyo hujifunga vyenyewe kwa mlio wa "tak" kila kimoja. Kitenzi cha vibanio ni kubana na kubanua, jozi nyingine ya aina ileile.

Katika maelekezo ya usalama, kosa linalojirudia ni la kiambishi. "Kabla haujafungua kasha, chomoa waya wa umeme" inasikika kila mahali, lakini hau- ni kiambishi cha nomino kama mti, mkono na ubao. Anayeambiwa ni mtu, nafsi ya pili, na umbo lake ni hu-: kabla hujafungua kasha. Wakiwa wengi ni kabla hamjafungua. Wahariri wengine hukwepa kwa kuandika "kabla ya kufungua", na hakuna ubaya, ila umbo la hujafungua lina nguvu ya kumsimamisha msomaji ambayo kitenzi-jina hakina.

Mpangilio wa vishazi nao una uzito. Sharti hutangulia kitendo. Mwongozo unaosema "Chomoa kipande cha zamani baada ya kuzima mashine na kuchomoa waya wa umeme" umempa fundi asomaye huku akitenda nafasi ya kuharibu ubao kabla hajafika mwisho wa sentensi. Iwe: "Zima mashine. Chomoa waya wa umeme ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Sasa banua vibanio." Hatua ya kugusa chuma inahusu umeme tuli, ule unaokusanyika mwilini mtu akiburuza miguu au akivaa nguo za nailoni, unaweza kufikia maelfu ya volti bila mtu kuhisi zaidi ya mchomo mdogo, na chipu hazihitaji kiasi hicho kuharibika. Katika hewa yenye unyevu ya pwani tatizo hupungua. Katika nyanda za juu wakati wa kiangazi, halipungui.

Hitilafu, kasoro, ubovu

Mashine imefungwa tena, imewashwa, na haifanyi inavyotarajiwa. Hapo ndipo maneno yanapoanza kufanya kazi ya vipimo.

Haiwaki ni taarifa moja, na inawaka lakini skrini ni nyeusi ni nyingine. Mashine isiyowaka, ambayo haitoi taa wala feni kuzunguka, mara chache ina shida ya kumbukumbu; waya haukurudishwa, au kebo ya ndani imelegea mkono ulipopita. Mashine inayowaka, feni zikavuma, nayo skrini ikabaki nyeusi, huelekeza moja kwa moja kwenye vipande. Inaganda ni kusimama na picha ikiwa palepale. Inajizima ni kukata umeme yenyewe, na joto hushukiwa kwanza. Inajiwasha upya ni kurudi mwanzo bila kuagizwa. Mtu anayeripoti kwa fundi kwamba "kompyuta inasumbua" amemwachia apige ramli.

Mashine nyingi za umri huo hujieleza pia kwa milio, kupitia spika ndogo iliyo ndani ya kasha. BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo endeshi, ndiyo inayoipiga, na kila mtengenezaji ana msimbo wake. BIOS za AMI hupiga milio mifupi mitatu kwa tatizo la sehemu ya mwanzo ya kumbukumbu. Za Award hurudia mlio mrefu bila kukoma. Kompyuta nyingi za mezani za ofisini za HP za miaka hiyo hupiga mara tano huku taa ya kuwashia ikimetameta nyekundu. Ukimya nao ni habari, ingawa wakati mwingine maana yake ni kwamba spika haikuungwa.

Kwa jumla ya mambo haya, hitilafu ndilo neno la kuanzia. Asili yake ya Kiarabu ni tofauti au kutopatana, maana iliyobaki hai katika kuhitilafiana, na katika ufundi linataja hali ya mashine kutokwenda inavyopaswa, bila kusema bado nani au nini kimesababisha. Ni neno la mtu ambaye hajafika mwisho wa uchunguzi. Kasoro hutaja upungufu, kama inavyosikika katika saa mbili kasorobo. Mashine yenye vipande vya GB 4 inayoonyesha GB 3.2 haina hitilafu hata kidogo; ina kasoro ya GB 0.8 iliyokwisha kuelezwa kwa anwani, na anayechomoa vipande ili kuitibu anatafuta ugonjwa kwa mtu mzima. Ubovu ni hali ya kitu chenyewe: chipu imekufa, tundu limevunjika mguso. Kosa ni la mtendaji, na kipande cha seva ndani ya kompyuta ya mezani ni kosa la ununuzi, si ubovu wa kipande. Dosari ni doa lisilozuia kazi. Ripoti inayotumia maneno haya ovyo humfanya mhasibu alipie kipande kipya mahali palipohitaji kubonyezwa kwa kidole gumba.

Uchunguzi wenyewe huenda kwa kubadilisha jambo moja kila mara. Kipande kipya kichomolewe, cha zamani kirudishwe peke yake katika tundu lake la kwanza. Mashine ikiwaka, ubao ni mzima na shaka inabaki juu ya kipande kipya au namna vinavyochanganyika. Kisha kipande kipya kijaribiwe peke yake katika tundu lilelile ambalo cha zamani kilifanya kazi. Kikikubali, tatizo ni mchanganyiko au tundu la pili. Kikikataa, kijaribiwe katika mashine nyingine ya aina hiyo kabla hakijaitwa kibovu. Katika shule yenye kompyuta ishirini zinazofanana, jaribio hilo la mwisho ni la dakika tano, na ni anasa ambayo fundi wa nyumbani hana. Anayebadilisha kipande, tundu na mipangilio kwa pamoja, mashine ikawaka, hatajua alichokitibu, na wiki ijayo ataanza upya.

Vumbi na kutu nyepesi kwenye miguso huleta hitilafu zinazokuja na kwenda. Mafundi wengi husugua miguso kwa kifutio cha penseli, na mara nyingi hufaulu. Lakini kifutio hukwangua dhahabu ambayo ni utando mwembamba sana, na makombo yake huangukia ndani ya tundu. Kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti hufanya kazi hiyo bila kuacha deni. Katika mashine yenye umri wa miaka kumi na zaidi, betri bapa ya CR2032 ya volti 3 iliyo kwenye ubao huenda nayo imekwisha, na dalili yake ni saa inayorudi nyuma kila umeme ukizimwa. Mipangilio ya BIOS hupotea pamoja nayo. Kuirudisha BIOS katika mipangilio yake ya awali baada ya kubadili kumbukumbu ni hatua halali, si ushirikina. Mashine nyingine pia husimama mara moja tu na kuonyesha ujumbe kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, zikisubiri kitufe kibonyezwe. Huo ni ujumbe wa taarifa, na mfasiri anayeupa kichwa cha "Kosa!" anamtisha msomaji bure.

Hali mbaya kuliko zote ni ile isiyo na mlio wala skrini nyeusi. Kipande chenye ubovu mdogo huiacha mashine iwake na ifanye kazi, lakini biti moja hapa na nyingine pale hugeuka, na kinachohifadhiwa kwenye diski kimekwisha kuharibika kikiwa kumbukumbuni. Faili ya alama za wanafunzi hufunguka Jumatatu na kukataa Alhamisi. Kwa hiyo, kumbukumbu mpya isikabidhiwe kazi ya thamani kabla haijapimwa, na faili muhimu zinakiliwe kwenye diski mweko kabla kasha halijafunguliwa. Programu ya kupima iko ndani ya Windows tangu toleo la Vista, na Memtest86+, tawi la mwaka 2004 la programu iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, huanzishwa kutoka diski mweko bila kuhitaji mfumo endeshi. Huandika ruwaza katika kila anwani na kuzisoma tena, ikirudia mzunguko mmoja baada ya mwingine. Mzunguko mmoja hautoshi, kwa kuwa baadhi ya chipu hukosea zikishapata joto tu. Mashine iachwe usiku kucha, na asubuhi idadi ya makosa isomwe. Isipokuwa sifuri, mashine irudi kwenye vipande vya zamani, navyo vile vipya vipimwe kimoja kimoja, kila kimoja kikiandikwa jina la tundu lake kwa kalamu ya wino usiofutika.